Ushahidi Uliomo Ndani ya Jiwe: Kasoko ya Luizi na Namna ya Kupima Madai ya Vitu Vilivyotoka Angani

Utangulizi

Kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, wakazi wa Tegeta wanauona mlima wa Wazo ukipunguzwa mwaka hadi mwaka. Mawe yake ya chokaa hukatwa, husagwa na kuchomwa ili kupata saruji. Anayeokota kipande cha mawe hayo na kukitazama kwa makini aweza kuona umbo la tumbawe au la gamba la kiumbe wa baharini. Mahali palipo mlima leo palikuwa bahari. Hapana mtu aliyeliona jambo hilo likitokea, wala mapokeo yaliyolihifadhi. Shahidi ni jiwe lenyewe.

Makala haya yanahusu ushahidi wa aina hiyohiyo, lakini juu ya tukio la namna nyingine: kugongwa kwa dunia na miamba iliyotoka angani. Tutaeleza jinsi wanajiolojia walivyofikia njia ya kuyathibitisha matukio hayo ya kale, na hasa kazi iliyofanywa Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mwanajiolojia Ludovic Ferrière pamoja na wenzake wa Lubumbashi. Kisha tutauliza kazi hiyo inamdai nini mhubiri.

Swali hili haliwahusu wanasayansi peke yao. Waumini wetu wana watoto wanaosoma jiografia katika shule za sekondari, nao wenyewe hupokea katika simu zao habari za vimondo mara kwa mara. Nyingine husema kwamba sayansi imekwisha kuthibitisha maangamizi ya Sodoma. Nyingine hutaja siku ambayo jiwe kutoka angani litauangamiza ulimwengu. Habari hizo huletwa kwa mchungaji ili azikubali au azikatae. Mchungaji asiyejua jinsi madai ya namna hii yanavyopimwa atachagua kwa kufuata yanayompendeza, na neno lake litaanguka pamoja na dai aliloliegemea.

Kimondo cha Mbozi

Watanzania wengi wanakijua kimondo cha Mbozi, kilichoko katika kilima cha Marengi, mkoani Songwe. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Takriban asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Vitabu husema kwamba kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott. Ni sahihi zaidi kusema kwamba mwaka huo kilijulikana kwa wageni, kwa maana wenyeji walikuwa wakikifahamu tangu zamani.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba pale Mbozi hapana shimo. Huenda lilikuwapo na mvua za karne nyingi zikalifuta. Huenda pia kimondo kilibingirika kutoka mahali pengine. Hata hivyo hakuna anayetilia shaka kwamba kilitoka angani, kwa sababu jiwe lipo na muundo wa chuma chake unajulisha asili yake. Mbozi basi tuna jiwe bila shimo. Tatizo gumu zaidi ni lile la kinyume chake, yaani shimo bila jiwe.

Sababu yake ni hii. Mwamba wenye upana wa kilomita nzima haupunguzwi mwendo na hewa. Hufika ardhini kwa mwendo usiopungua kilomita 11 kwa sekunde, na mara nyingi zaidi ya hapo. Nguvu ya mgongano huwa kubwa kiasi kwamba karibu mwamba wote uliokuja huyeyuka na kugeuka mvuke. Huacha kasoko yenye upana wa mara kumi hadi ishirini ya upana wake wenyewe, wala haubaki humo ili uonekane. Mtu akiiona kasoko kama hiyo baada ya miaka milioni nyingi, atajuaje kwamba haikutokana na volkano?

Mjukuu wa mwanatheolojia wa Wittenberg

Kabla ya swali la kasoko, wataalamu walibishania jambo la awali zaidi: kama mawe huanguka kutoka angani hata kidogo. Kwamba watu waliyaona yakianguka si habari ngeni kwa msomaji wa Maandiko. Karani wa mji wa Efeso, katika Matendo 19:35, anataja kitu kilichoaminiwa kuwa kilianguka kutoka juu. Tarehe 7 Novemba 1492, Martin Luther akiwa bado mtoto wa miaka minane, jiwe kubwa lilianguka katika shamba la ngano karibu na mji wa Ensisheim, huko Alsace. Liliwekwa kanisani. Mfalme Maximilian alipopita hapo siku chache baadaye, alilitafsiri kuwa ishara njema kwa vita vyake. Jiwe lilikuwa la kweli. Tafsiri ilifuata haja ya mfalme.

Wataalamu wa karne ya 18 walielekea upande wa pili. Kwa kuwa habari za mawe ya angani zililetwa zaidi na wakulima, na mara nyingi zilichanganyika na ushirikina, walizikataa zote. Mwaka 1772 wanakemia watatu wa Ufaransa, Lavoisier akiwa mmojawapo, walitoa taarifa juu ya jiwe lililoonekana likianguka mwaka 1768, wakahitimisha kwamba lilikuwa jiwe la kawaida la ardhini.

Aliyelifungua tena shauri hilo ni Ernst Chladni, aliyezaliwa Wittenberg mwaka 1756. Babu yake, Martin Chladni, alikuwa mwanatheolojia wa Kilutheri na profesa wa theolojia katika chuo kikuu cha mji huo. Baba yake mkubwa, Johann Martin, anakumbukwa na wanafunzi wa ufasiri kwa maandishi yake juu ya namna ya kuelewa masimulizi ya mashahidi mbalimbali wa tukio moja. Ernst mwenyewe alisomeshwa sheria. Alikusanya taarifa za zamani za mienge ya moto iliyoonekana angani na za mawe yaliyoanguka, akazipima kama hakimu apimavyo ushahidi. Aliona kwamba watu wa nchi na nyakati mbalimbali, wasioweza kuwa wamepatana, walisimulia mambo yaleyale. Mwaka 1794 alichapisha kijitabu akidai kwamba mawe hayo hutoka nje ya dunia. Wengi walimcheka. Lakini mwaka 1803 maelfu ya mawe yalianguka L'Aigle nchini Ufaransa, na uchunguzi wa Jean-Baptiste Biot ukaonyesha kwamba wanavijiji walikuwa wakisema kweli.

Mashahidi wasio na kinywa

Njia ya Chladni ilihitaji watu walioona. Kasoko za kale hazina mashahidi wa namna hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 Grove Karl Gilbert, mwanajiolojia mashuhuri wa Marekani, alilichunguza shimo la Arizona lenye upana wa kilomita 1.2. Vipande vya chuma cha vimondo vilikuwa vimetapakaa kandokando yake, lakini yeye alihitimisha kwamba shimo limetokana na mlipuko wa mvuke wa volkano. Mwaka 1960 Eugene Shoemaker na wenzake walionyesha kwamba mawe ya mahali hapo yana koesiti, madini yanayotokea pale kwatsi inapobanwa kwa shinikizo kubwa mno, nalo halipatikani katika mlipuko wa volkano juu ya ardhi. Tangu hapo hoja haikuwa tena juu ya umbo la shimo, bali juu ya kile ambacho pigo liliandika ndani ya jiwe.

Miaka 20 baadaye njia hiyo iligusa historia ya uhai wote. Mwaka 1980 Walter Alvarez, mwanajiolojia, pamoja na baba yake Luis Alvarez na wanakemia Frank Asaro na Helen Michel, walieleza juu ya tabaka jembamba la udongo lililo kati ya mawe ya chokaa huko Gubbio, Italia. Tabaka hilo lina iridiamu nyingi kupita kiasi, nayo ni metali adimu katika ardhi ya juu lakini ya kawaida katika vimondo. Walidai kwamba miaka milioni 66 iliyopita dunia iligongwa, na dinosaria wakatoweka. Mwaka 1991 kasoko ya Chicxulub huko Mexico, yenye upana wa kilomita 180 hivi, ilitambuliwa kuwa ndiyo alama ya pigo hilo. Mabishano yaliendelea kwa miaka mingi, na uzito wa volkano za India katika kutoweka huko bado unajadiliwa. Lakini kwamba mgongano ulitokea hakubishaniwi tena.

Kasoko ya Luizi

Sasa tuje karibu na kwetu. Katika uwanda wa juu wa Kundelungu, katika eneo la Katanga, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya soko na ya ibada, kuna umbo la duara lenye upana wa kilomita 17 hivi liitwalo Luizi. Kingo zake zimeinuka mita mia tatu na zaidi juu ya sehemu ya ndani. Ndani yake mna duara la pili, na katikati kabisa mna duara dogo lenye upana wa kilomita 2 hivi. Picha za setilaiti zilionyesha umbo hili kwa uwazi, na dhana ya kwamba ni alama ya mgongano ilikuwapo kabla ya mtu yeyote kuithibitisha.

Msomaji ailinganishe na Ngorongoro. Nayo ni duara, na upana wake wa kilomita 16 hadi 19 unakaribiana na wa Luizi. Lakini Ngorongoro ni kazi ya volkano: mlima ulitoa moto, kisha kilele chake kikaporomoka ndani. Kwa hiyo mtu akisema, "Luizi ni duara, basi iligongwa," hajasema lolote, maana hoja hiyohiyo ingetufanya tuseme vivyo hivyo juu ya Ngorongoro.

Ludovic Ferrière, mwanajiolojia Mfaransa, alikuwa amejifunza kazi hii katika ziwa la Bosumtwi nchini Ghana. Ziwa hilo, ambalo Waashanti huliheshimu kuwa takatifu, limo ndani ya kasoko yenye upana wa kilomita 10.5 na umri wa zaidi kidogo ya miaka milioni moja. Ardhi yake ilichimbuliwa mwaka 2004 na kundi la kimataifa, na miamba hiyo ndiyo iliyokuwa somo la udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Vienna. Mwaka 2010 alikwenda Luizi. Mwaka 2011 yeye, F. R. T. Lubala na P. K. Kaseti wa Lubumbashi, pamoja na Gordon Osinski wa Kanada, walitangaza matokeo katika jarida la Geology: Luizi ndiyo kasoko ya kwanza ya mgongano kuthibitishwa katika Afrika ya Kati.

Uthibitisho wao ulikuwa wa namna mbili. Kwanza, walikuta katika mawe alama ziitwazo koni za mshtuko, yaani mistari inayotawanyika kutoka kwenye ncha moja mfano wa mkia wa farasi. Alama hizo huonekana kwa macho, na hutokea tu pale wimbi la mshtuko linapopita ndani ya mwamba. Pili, walikata vipande vyembamba vya mawe na kuvitazama kwa hadubini. Ndani ya punje za kwatsi, madini yaleyale yanayojaa katika mchanga wa fukwe zetu, waliona safu za mistari iliyonyooka na kukaribiana sana, iliyopangika kwa pembe zinazofuata muundo wa fuwele. Mistari hiyo huhitaji shinikizo la zaidi ya mara 50,000 ya shinikizo la hewa. Volkano haiwezi, wala tetemeko la ardhi haliwezi.

Maduara ya katikati nayo yana maelezo yake. Ardhi iliyogandamizwa kwa ghafula huinuka tena, kama maji ya mtungini yanavyoruka juu katikati tone linapoyaangukia, kisha huporomoka na kuacha duara. Ukubwa wa Luizi unadokeza mwamba wa kilomita moja hivi. Umri wake haujapimwa kwa usahihi. Inajulikana tu kwamba miamba iliyopigwa ni ya zaidi ya miaka milioni 500, na pigo lilikuja baada ya miamba hiyo kuwapo.

Athari yake katika taaluma

Faida ya kazi hii haikuishia katika kuongeza jina moja kwenye orodha ya dunia, ambayo ina kasoko zipatazo 200 tu zilizothibitishwa. Ilitoa mfano wa kufuatwa. Mwaka 2010 Bevan French na Christian Koeberl walikuwa wamechapisha mapitio marefu wakieleza ni ushahidi upi unaotosha kuthibitisha mgongano na upi hautoshi. Umbo la duara, mawe yaliyovunjika na hata picha nzuri za setilaiti waliviweka upande wa visivyotosha. Luizi ilipita katika mlango huo mwembamba.

Wakati huohuo duara jingine kubwa zaidi, la Wembo-Nyama katikati ya Kongo, lenye upana wa zaidi ya kilomita 36, lilipendekezwa na watafiti wa Italia kwa kutumia picha za setilaiti. Halijathibitishwa, kwa kuwa halijatoa mawe yenye alama za mshtuko. Wolf Uwe Reimold na Koeberl, katika mapitio yao ya mwaka 2014 juu ya kasoko za Afrika, walitenga kwa makini zilizothibitishwa na zile zilizopendekezwa tu. Tanzania haina hata moja katika kundi la kwanza. Tena isisahaulike kwamba majina mawili kati ya manne ya waandishi wa taarifa ya Luizi ni ya watu wa Lubumbashi. Kazi ya namna hii huhitaji miguu ya kutembea porini na hadubini moja, navyo vyuo vyetu vya Afrika vinaweza kuwa navyo.

Dai lililoanguka

Mfano wa kinyume unawahusu wahubiri moja kwa moja. Mwezi Septemba 2021 kundi la watafiti lilichapisha katika jarida la Scientific Reports taarifa juu ya Tall el-Hammam, kilima chenye mabaki ya mji wa kale nchini Yordani. Walidai kwamba yapata mwaka 1650 kabla ya Kristo mji huo uliangamizwa na mlipuko wa kitu kutoka angani, na wakadokeza kwamba tukio hilo huenda ndilo asili ya habari ya Sodoma katika Mwanzo 19. Taarifa hiyo ilienea duniani kote kwa muda mfupi, na wengi waliipokea kama ushindi wa Biblia.

Wataalamu wa alama za mshtuko waliisoma kwa jicho jingine. Mwaka 2022 Steven Jaret na R. Scott Harris walijibu kwamba kilichoitwa kwatsi yenye mshtuko hakikuwa na sifa zake, na kwamba hakuna ushahidi wa madini wala wa kikemia unaolithibitisha dai hilo. Mwaka 2025 jarida lenyewe liliifuta taarifa hiyo.

Na tuelewe vema kilichoanguka hapo. Haikuwa Mwanzo 19, maana sura hiyo haikutegemea taarifa ya mwaka 2021. Kilichoanguka ni dai la kisayansi ambalo wengine waliharakisha kulijengea juu yake. Lakini kijana aliyesikia mimbarani kwamba sayansi imethibitisha Sodoma, kisha akasoma kwamba taarifa imefutwa, huenda asiweze kutenganisha mambo hayo mawili. Hasara hiyo ni ya kweli, nayo ilizuilika.

Mambo matatu kwa mhubiri

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu.

La kwanza, tusidharau mashahidi wadogo. Wakulima wa karne ya 18 walisema kweli na wasomi wakakosea. Wenyeji wa Mbozi walikijua kimondo kabla ya mpima ardhi kufika. Mwumini anapoleta habari ya ajabu, heshima ya kwanza ni kumsikiliza mpaka mwisho.

La pili, kusikiliza si kukubali. Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati 19:15, haimruhusu shahidi mmoja kuthibitisha neno. Umbo la duara ni shahidi mmoja. Mhubiri ajizoeze kuuliza: Je, jambo hili laweza kuwa na chanzo kingine? Ni alama gani ambayo chanzo hiki pekee kingeiacha? Alama hiyo imeonekana, na wengine wameipima? Maswali hayo hayahitaji shahada ya jiolojia. Yakikosa jibu, ni halali kusema, "Jambo hili bado halijathibitishwa," bila kuona aibu mbele ya usharika.

La tatu, hata jambo likithibitishwa kikamilifu, ushahidi wa jiwe una mpaka wake. Koni za Luizi zinatuambia kwamba pigo lilitokea na nguvu zake zilikuwa kiasi gani. Hazisemi kwamba mtu fulani alihukumiwa, na kwa kweli Luizi ilipogongwa hapakuwa na mtu duniani, kama umri wake ni mkubwa kadiri wanajiolojia wanavyoelekea kudhani. Maximilian alilifanya jiwe la Ensisheim kuwa wakili wa vita vyake, na kishawishi hicho hakijafa. Katika Luka 13 Bwana wetu aliletewa habari za watu waliouawa, naye akakumbusha habari ya wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Hakukana kwamba mnara ulianguka, wala hakukubali kwamba wale waliokufa walikuwa na deni kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Aliwageuzia swali wasikilizaji wenyewe, akawaita watubu.

Kwa hiyo tunashauri kwamba katika vyuo vyetu, somo la ufasiri liwe na nafasi ya kuwaonyesha wanafunzi jinsi taaluma nyingine zinavyopima ushahidi, na kasoko ya Luizi ni mfano ulio karibu na unaoeleweka. Mwanafunzi aliyeona jinsi watu walivyokataa kutosheka na duara lililoonekana wazi katika picha, wakaenda porini kulitafuta jiwe lenyewe, atakuwa mwangalifu pia asisimamishe hubiri juu ya mstari mmoja uliotolewa mahali pake.